Detoksi ya siku saba kwa mla nyama wa Arusha: kabla hujaanza, hebu tuongelee hicho kidole

Swali:

"Habari dokta. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nipo Arusha, kilo 92, nauza spea za magari kwa hiyo muda mwingi nimekaa dukani. Nyama ndio chakula changu, asubuhi supu ya makongoro au utumbo na chapati mbili, jioni mara nne au tano kwa wiki ni nyama choma na washkaji, mboga ni zile za kachumbari tu. Shemeji yangu kafanya detoksi ya siku saba, juisi za matunda na majani mabichi tu, pamoja na unga fulani wa mitishamba asubuhi na jioni, kapungua kilo nne na anasema tumbo limekuwa jepesi. Na mimi nataka, maana naambiwa nyama inaozea tumboni na kuganda kwenye utumbo miaka na miaka, na kweli choo napata kwa shida, siku ya tatu ndio naenda. Hofu yangu ni nguvu, protini nitaitoa wapi, si nitaanguka dukani? Natumia dawa moja ya presha, kale kadogo ka kukojoa. Halafu kitu kingine sijui kama kinahusu, wiki mbili zilizopita niliamka usiku kidole gumba cha mguu kinawaka moto, hata shuka likigusa nataka kulia, nikameza diklofenaki siku tatu kikaisha. Ndio sumu zenyewe hizo? Nianze na unga au juisi?"

Jibu:

Kaka yangu, asante kwa kuandika kwa kirefu, maana watu wengi wananiuliza "dada detoksi ni nzuri?" basi, na mimi hapo siwezi kujibu kitu cha maana. Niweke wazi kwanza, mimi ni mtaalamu wa lishe, nipo Moshi, sio daktari, kwa hiyo kuna sehemu ya jibu langu itaishia kukutuma kwa daktari. Nimekuelewa hivi: umechoka kujisikia mzito, choo kinakusumbua, umeona mtu wa karibu kapungua haraka, na unaogopa kwamba nyama zote ulizokula zimekuachia uchafu ndani. Kupumzisha nyama siku saba nakuunga mkono kabisa. Juisi na unga, hapana, na sababu kubwa ni hiyo habari ya kidole uliyosema hujui kama inahusu. Hiyo nimeisoma mara mbili mbili.

Tuanze na nyama kuoza. Haiozi. Ukimeza nyama inashuka tumboni kwenye asidi kali, huko kuna kimeng'enya kinaitwa pepsini kinaanza kuikatakata, baada ya saa kadhaa inasogea kwenye utumbo mwembamba inakutana na majimaji ya kongosho na nyongo, inavunjwa mpaka inakuwa vipande vidogo sana vinavyofyonzwa kwenda kwenye damu. Ikifika utumbo mpana cha nyama kilichobaki ni kidogo mno. Ukitaka kujua chakula gani kinafika huko chini hakijamalizika kusagwa, ni mboga za majani, maharage na maganda ya nafaka, na hapo ndipo faida yake ilipo, nitarudi. Kuganda miaka na miaka ndio haiwezekani kabisa, ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha yote kila baada ya siku tatu mpaka tano hivi, sasa hiyo nyama ya mwaka jana itashikilia ukuta upi? Madaktari wanaopitisha kamera kwenye utumbo kila siku wanaona ukuta wa rangi ya waridi unaong'aa, wa mla nyama na wa asiyekula nyama.

Kinachokufanya uende choo siku ya tatu ni kwamba sahani yako haina nyuzinyuzi. Supu haina hata gramu moja, nyama choma haina, chapati ya unga mweupe inazo kiduchu, na kachumbari ni vijiko vichache. Mtu mzima anatakiwa apate angalau gramu 25 kwa siku, na nikipiga hesabu ya siku yako kama ulivyoiandika sidhani kama unavuka 10. Ongeza kukaa dukani kutwa na dawa inayokukojolesha maji, choo kitatoka wapi? Hiyo haihitaji kusafishwa, inahitaji maharage. Ila ukiona damu kwenye choo, au unapungua bila kujua kwanini, au choo kimebadilika ghafla wakati zamani kilikuwa sawa, hapo usihangaike na chakula, nenda ukapimwe.

Na sumu? Mwili una sumu kweli, zinatengenezwa kila dakika, na una mitambo ya kuzitoa inayofanya kazi hata umelala. Ini lina uzito wa kama kilo moja na nusu, linachukua pombe, dawa, taka za protini, linazigeuza ziwe kitu kinachoweza kutoka. Figo zinachuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kwa siku na kurudisha karibu yote, kinachobaki kama lita moja na nusu ndio mkojo. Hakuna juisi inayofanya kazi hiyo kwa niaba yao. Unachoweza kufanya ni kuzipunguzia mzigo, pombe kidogo, chumvi kidogo, maji ya kutosha, dawa za maumivu zisizo za lazima uache. Na mzigo mmoja wa figo zako nadhani tayari tunaujua, nakuja.

Kuhusu ule unga wa shemeji. Mwaka jana mama mmoja aliniletea kopo la unga wa kusafisha tumbo, halina maandishi zaidi ya neno detoksi na picha ya jani. Tulilifungua pale mezani, unga wa kijani unaoelekea kahawia, ndani kulikuwa na vipande vya majani membamba na ganda moja bapa lililokauka, halijasagika vizuri. Lile ganda nalijua tangu utotoni, ni la sanamaki. Mama mwenyewe alipoliona akasema "kumbe, hii si bibi alikuwa anatupa tukivimbiwa?" Ndiyo hiyohiyo. Sanamaki ni dawa halali ya kufungua choo, ukipewa kwa siku chache kwa sababu maalumu, inaamsha misuli ya utumbo mpana isukume. Lakini chakula na mafuta yake vimeshafyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba kabla haijafanya kazi, kwa hiyo unachotoa ni maji na chumvichumvi, ikiwemo potasiamu. Wa shemeji yako sijauona, siwezi kusema una nini ndani, ila kitu kisichoandikwa kilichomo usikinywe, hasa wewe unayemeza dawa ya kukojoa ambayo na yenyewe inapunguza maji na potasiamu. Ukiviweka pamoja, potasiamu ikishuka sana, misuli inalegea na mapigo ya moyo yanaenda mrama. Huko kuanguka dukani unakokuogopa kutatokea hapo, wala hakutaletwa na kukosa nyama.

Kilo nne zake nazo tuzielewe. Ini na misuli vinatunza akiba ya sukari inaitwa glaikojeni, kama gramu 400 mpaka 500, na kila gramu inashika maji kama gramu 3. Ukikaa siku mbili tatu na juisi, akiba inaisha na maji yake yanaondoka, karibu kilo mbili hizo. Chumvi ikipungua maji mengine yanatoka, utumbo ukiwa mtupu mzani unashuka tena. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati ya kama kilokalori 7,700, sasa kuchoma kilo nne za mafuta kwa wiki angetakiwa awe na pengo la zaidi ya 30,000, na siku nzima ya mtu wa kawaida ni kama 2,000 hivi. Hajadanganya, mzani ulisoma hivyo kweli. Akirudi kwenye wali na ugali maji yanarudi, asije akajilaumu kwamba ameshindwa.

Sasa kidole.

Usiku, ghafla, kidole gumba cha mguu, kinawaka, shuka haliguswi, siku chache kinapoa kama hakijawahi kuuma. Mimi siwezi kukuandikia ugonjwa kwa maandishi, ila maelezo hayo kwa mwanaume wa miaka 44 mwenye presha, anayekula supu ya utumbo kila asubuhi, daktari yeyote atafikiria gauti kwanza. Gauti inatokana na yuriki asidi. Seli zote, zetu na za mnyama, zina vitu vinavyoitwa purini, zikivunjwa mwisho wake ni yuriki asidi, na figo ndizo zinazoitoa. Ikizidi kwenye damu, kama juu ya miligramu 6.8 kwa desilita, inaanza kuganda kuwa vijiwe vidogo vyenye ncha kama sindano, na vinapenda sehemu za baridi na za mbali, kidole gumba ndio mahali pake. Kinga ya mwili ikiviona inavivamia, ndio huo moto. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni sumu ya nyama, kwa nusu umepatia, ni taka ambayo mwili umeshindwa kuitoa kwa kasi unayoileta. Na supu inayoonekana nyepesi kuliko nyama sio nyepesi kwa hili, maana nyama ikichemka purini zinahamia kwenye mchuzi, na viungo vya ndani kama maini na figo ndivyo vyenye purini nyingi kupita steki. Bia hujaitaja, lakini nyama choma na washkaji naijua. Bia inaleta purini zake na pombe inazuia figo kutoa yuriki asidi, mambo mawili kwa chupa moja. Na ile dawa yako ndogo ya kukojoa, dawa nyingi za kundi hilo nazo hupandisha yuriki asidi. Usiiache kwa sababu nimesema hivi! Presha isiyo na dawa ni hatari kuliko kidole. Mwambie daktari kilichokupata, kuna dawa nyingine za presha ambazo hazina tabia hiyo, yeye ndiye wa kubadilisha.

Ndio maana juisi nakukataza kwa herufi kubwa. Mtu wa gauti akikaa njaa ghafla, mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, yaani mabaki ya hayo mafuta, na ketoni zinapanga foleni moja na yuriki asidi pale kwenye figo, yuriki asidi inabaki ndani. Akiharisha na kukosa maji, inazidi kukolea. Halafu juisi yenyewe, glasi moja ya embe, nanasi na tikiti ina sukari ya matunda ambayo usingeimaliza kwa kutafuna, na sukari ya matunda ikifika nyingi kwa mkupuo kwenye ini, wakati wa kuichakata ini linatengeneza yuriki asidi. Yaani unafunga nyama ili upone kisha unakiita kidole kirudi siku ya tatu, na mtu atakuambia vumilia hizo ni sumu zinatoka. Majani mabichi nayo, mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kuganda kwenye figo, ukisaga mafungu mawili mabichi kila siku unapeleka kwenye figo mzigo ambao kuna watu umewaharibia figo kweli. Chemsha, mwaga maji, kula.

Na diklofenaki. Najua inauzwa kila duka la dawa na inafanya kazi. Ila presha, dawa ya kukojoa, upungufu wa maji, halafu diklofenaki juu yake, figo hapo zinabanwa pande zote. Kidole kikirudi usijinunulie, nenda hospitali, na kikirudi pamoja na homa, au kiungo kikubwa kama goti kikavimba na kuwaka, nenda siku hiyohiyo, maana usaha ndani ya kiungo unafanana na gauti kwa macho na hausubiri kesho.

Haya, tufanye nini na hamu yako ya siku saba? Tuitumie. Hapa nyumbani kwetu tuna ushahidi ambao najivunia. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hukuhuku Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud kule Uholanzi, wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini wakapewa chakula cha kizungu cha kusindikwa wiki mbili, wa mjini waliozoea hicho wakarudishwa kwenye chakula cha asili, mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi, mizizi, nafaka zisizokobolewa. Wiki mbili tu. Wa kwanza damu yao ikaonyesha inflamesheni imepanda, ile hali ya kinga kuwaka waka ndani bila adui, na wa pili ikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Walikuwa wanaume tu, na sio wengi, wala haikuwa dawa ya gauti, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti kitu ambacho haukupima. Kundi lingine lilipewa mbege, pombe yetu ya ndizi, wiki moja na wao wakaonyesha mabadiliko mazuri, naomba hiyo usiichukue kama ruhusa, kwa kidole chako pombe bado ni pombe. Lakini inatosha kunifanya niseme wiki moja mbili za chakula cha mimea, kilichopikwa, cha kushiba, mwili unaisikia.

Protini sasa. Kwa kilo 92 unahitaji kama gramu 74 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Ugali wa dona wa robo kilo ya unga una kama 20. Konzi ya karanga 7 au 8. Ukila kikombe cha maharage mchana na kikombe na nusu cha ngwara, ndugu wa maharage, jioni, na dona, na konzi mbili za karanga kwenye uji wa ulezi, umefika, na hujagusa nyama. Watu wanasema protini ya maharage haijakamilika, ni kweli kila mmoja una upungufu wake, protini imejengwa kwa vipande vinavyoitwa asidi amino, na mahindi yana kidogo kile cha laisini, maharage yana kidogo kile cha methionini, lakini vikiwa pamoja kila kimoja kinajaza pengo la mwenzake, na bibi zetu walishapika jibu linaitwa makande. Kama umewahi kufunga nyama Kwaresima nzima, au una jirani aliyefunga, hakuna aliyeanguka. Madini ya chuma na vitamini B12 kwa siku saba usiwaze, B12 ipo akiba kwenye ini ya miaka kadhaa, kamulia tu ndimu kwenye mboga ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai uinywe mbali na chakula.

Utasikia pia mwenye gauti asile maharage wala mchicha. Wagonjwa wengi wanaambiwa hivyo halafu wanabaki na nyama, inaniuma sana. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2004, walifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, nyama na samaki vikaongeza gauti, mboga zenye purini hazikuongeza, na maziwa yakapunguza. Maharage kula. Ila usije ukaziba pengo la nyama kwa dagaa ukidhani ni chakula chepesi, dagaa wana purini nyingi sana.

Upishi ndio utakaoamua kama utafika siku ya saba, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri. Pita soko la Kilombero hapo Arusha ununue ngwara au maharage, mnafu, ndizi mshare, magimbi, parachichi. Loweka usiku maji mengi, asubuhi utaona maji yamekuwa na povu na rangi, yamwage yote, hiyo ni sehemu ya sukari ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga na bakteria wa utumbo mpana wanazigeuza gesi. Chemsha dakika kumi, mwaga tena, weka maji mapya, yaive mpaka ukibonyeza moja kwa vidole linasagika bila ganda kubaki gumu. Na naomba, bila magadi. Najua kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, bila magadi watu wa huku wanaona kama kimepungukiwa, mama yangu mpaka leo anabishana na mimi jikoni, anashika kale kajiwe ka kijivujivu anasema kidogo tu mwanangu. Lakini magadi ni sodiamu, na wewe una presha, yanaua vitamini B1 ya kwenye maharage, na magadi mengi yanayouzwa Arusha na Moshi yana floraidi, wakati maji ya pande nyingi za Meru tayari yana floraidi ya kutosha kutia meno rangi ya kahawia. Ukiloweka vizuri na moto ukawa wa subira yanaiva. Kitunguu, karoti, hoho, tangawizi, nyanya mbili, mafuta kijiko, unakula unajilamba.

Asubuhi badala ya supu kunywa uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, au magimbi na parachichi. Tunda tafuna usisage. Maji glasi nane mpaka kumi, isipokuwa kama daktari amewahi kukuzuia maji. Usianze kwa kishindo, siku mbili za kwanza kikombe kimoja tu cha maharage, maana umetoka gramu 10 za nyuzinyuzi ukipanda ghafla mpaka 40 tumbo litakuvimba ukaacha. Gesi itakuwepo mpaka kama siku ya nne, bakteria wako wanabadilishana zamu. Kichwa kikikuuma siku ya pili jiulize kama umeacha kahawa au hujala vya kutosha, sio sumu inatoka. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, pima presha, kwa sababu chumvi ikipungua na potasiamu ya mboga ikiongezeka presha inaweza kushuka kweli na dozi ikahitaji kuangaliwa.

Wengine mnaosoma hapa mkiwa na kisukari na mnachoma insulini au mnameza glibenklamaidi, msibadilishe mlo hivi bila kuonana na daktari, sukari inashuka mpaka mtu anazimia. Wenye figo dhaifu, au wanaotumia losatani, kaptopri au spironolaktoni, potasiamu ya matunda na mboga kwenu inaweza kupanda badala ya kushuka. Wa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mboga za majani zisipande na kushuka ghafla. Mjamzito na anayenyonyesha hii ya detoksi ya juisi msiiguse.

Baada ya siku saba nyama utarudi, na mimi sikukatazi, nimezaliwa kwenye nyumba ya ndafu na kisusio, najua nyama kwetu ni heshima na ni kukaa na watu. Swali ni kiasi. Shirika la World Cancer Research Fund linashauri nyama nyekundu isizidi kama gramu 350 mpaka 500 kwa wiki, zikiwa zimeiva. Ile nusu kilo mbichi unayoagiza kule kwa Mrombo ikishaiva inabaki kama gramu 350, yaani ukiimaliza peke yako umekula karibu wiki nzima kwa jioni moja, na wewe unaenda mara nne tano. Ningeanza na hivi: choma mara moja kwa wiki, agizeni pamoja mgawane, na ndizi na kachumbari iwe sahani sio mapambo, sehemu iliyoungua nyeusi uikate uitupe, soseji uziache kabisa kwa kuwa tangu 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameziweka kundi la kwanza la visababishi. Supu ya utumbo na makongoro ya kila asubuhi ndio ningeitoa ya kwanza, kabla hata ya choma. Mtindi ongeza, loshoro (mahindi na maziwa mgando) ongeza, maziwa kwa gauti ni rafiki na yanakurudishia B12.

Ila kabla ya yote hayo kapime. Hospitali ya Mount Meru wapo, au kituo chochote chenye maabara, omba yuriki asidi, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), potasiamu na sukari, na presha ipimwe ukiwa umekaa dakika tano. Ukipimwa wakati kidole kinauma yuriki asidi inaweza kusoma kawaida na kukudanganya, kwa hiyo sasa hivi kikiwa kimetulia ndio wakati mzuri. Mwambie daktari maneno yaleyale uliyoniandikia, usiku, shuka, diklofenaki siku tatu, na jina kamili la dawa ya presha, beba kopo lenyewe. Kreatinini ikiwa juu usianze siku saba zako, nijulishe tupange upya kiasi cha maharage na matunda. Ikiwa sawa, loweka ngwara jioni hiyohiyo, na unga wa shemeji uache kwa shemeji, na yeye mwambie alete kopo tusome.